Ghislain Kitenge, Mtu wa Mishale

«Iko vile, iko vile! Berthe, ‘iko vile’ si sababu!» Ndivyo ndugu yetu Ghislain Kitenge alivyomlalamikia dada yake mdogo miaka arobaini, hata juu ya chumvi ya mboga. Dada naye hakunyamaza, akimsogezea kaka yake ugali: «Yaya, kula kwanza, bukari inapola.»

Alizaliwa Kambove tarehe 3 Machi 1944, kifungua mimba wa Tata Numbi na Mama Julie. Alisoma kwa mapadri palepale, kisha chuo cha ufundi hapa Likasi, akapata diploma mwaka 1963. Mwalimu mmoja alimtoa darasani kwa kuuliza «kwa nini» mara nne. Ya tano aliiulizia mlangoni.

Tarehe 1 Juni 1964 aliingia kazi kiwandani Shituru, na mwaka 1975 akawekwa chumba cha ordinateri, yaani kompyuta, kwenye mishahara. Saa za mapumziko aliifundisha mashine kazi nyingine: kuamua ubishi. Alisema hoja inapigwa mahali patatu: mguu, yaani jambo inalosimamia, kichwa, yaani neno la mwisho, na kifundo, pale viwili hivyo vinapoungana. Kila hoja aliiandika kwa jina la mwenye nayo, na kila pigo alilichora mshale. Hoja isiyopigwa inasimama. Inayopigwa na iliyosimama inaanguka. Ambayo wapigaji wake wote wameanguka, inainuka. Unarudia mpaka hakuna kinachobadilika. Mwaka 1991 vipuri vilikosekana, mashine ikazimika. Akaendelea kwa kalamu, nyuma ya karatasi kuukuu.

Alifunga ndoa na Laure tarehe 20 Julai 1968. Laure alisema mtu huyu hataweza uongo, maana uongo unaomba sababu nyingi mno.

Mwenzake wa kubishana alikuwa jirani, Séraphin, mtu wa Kasai. Mwaka 1993, siku zile watu wa Kasai walipokuwa wakifukuzwa hapa Katanga, Séraphin aliingia akakuta mezani karatasi yenye jina lake, mshale umelichoma. Ulikuwa ubishi wao wa Jumapili tu, kama mahindi yapandwe kabla ya mvua. Yeye aliona liste, orodha ya watu wa kufukuzwa. «Hata weye, Ghislain?» Akapanda treni bila kuaga. Ghislain alifika gare, kituo cha treni, akakuta reli tupu.

Tangu hapo hakutulia. Kufa hakukumtisha, kilichomtisha ni kufa huku rafiki yake akiamini vile. Aliandika barua nne kwenda Mwene-Ditu, huko Kasai, akieleza ile karatasi mshale kwa mshale. Jibu hakuna.

Figo zilimshika Oktoba 1996, na kuanzia Juni 1997 hakuinuka tena. Tarehe 9 Agosti mlango ukafunguliwa: Séraphin, vumbi la treni mpaka kwenye nyusi. Barua moja tu ilikuwa imemfikia, ya nne.

«Jina yangu ilikuwa pale, ni kweli. Mushale ilikuwa pale, ni kweli. Miye njo niliangukia ku kifundo, pale niliviunga na kufukuzwa.»

Ghislain alicheka mpaka Laure akamshika kifua. «Sasa unajua kubishana! Umechelewa myaka ine, weye kichwa nguvu.»

Siku tatu Séraphin hakutoka karibu na kitanda. Wakabishana juu ya mahindi; hakuna aliyeshinda.

Ghislain alifariki nyumbani Jumanne tarehe 12 Agosti 1997, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 53. Anaacha mjane wake Laure, watoto Georges, Jenny na Dodo, wajukuu wawili, na dada yake Berthe.

Séraphin alikuwa na deni la kuaga tangu ile siku ya treni. Asubuhi hiyo aliinama sikioni pa mgonjwa, akalilipa: «Uende muzuri, ndugu.» Ghislain akafumba macho, akajibu: «Aksanti. Sasa nende.»

Mungu ampokee, na udongo wa Likasi umlalie mwepesi.