Doña Cuca na Bibi Aliyesahau Majina

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, Doña Refugio Arámbula, ambaye hapa kwenye karakana yetu ya filamu za vikaragosi sote tunamwita Doña Cuca, anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kazi. Aliajiriwa kwa wiki moja. Alikuwa mwanasaikolojia wa watoto, akaitwa aje atueleze mtoto mwenye hofu hupumua vipi, ili vikaragosi vyetu navyo vipumue hivyo mbele ya kamera. Wiki ikaisha, yeye akabaki, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Kwa cheo alikuwa mshauri wa hisia. Kwa vitendo alikuwa mtu wa kutukatalia. Mchongaji akileta uso wa huzuni uliojaa machozi, Doña Cuca aliutazama, akauliza, "Huyu analia, au anataka tujue kwamba analia?" Uso ukarudi mezani.

Somo la kumbukumbu alitufundisha kwa sufuria ya pozole, supu yetu ya mahindi na nyama. Tulikuwa tunatengeneza filamu ya Nayeli, msichana anayelikumbuka jiko la bibi yake, na wachoraji walitaka jiko lile lionekane vilevile kila mara. Doña Cuca akatukusanya, akauliza nani alimwaga pozole kwenye karamu yetu ya Krismasi. Kila mtu alikumbuka vizuri sana, na kila mtu alimtaja mwenzake. Librado Ochoa, mwongozaji wetu, aliapa kwa jina la mama yake kwamba ni fundi wa sauti. Ikatafutwa picha. Aliyesimama katikati ya mahindi na mchuzi, sufuria mkononi, alikuwa Librado mwenyewe.

"Lakini bado namwona kwa macho yangu!" akalalamika.

"Unamwona kweli," akasema Doña Cuca. "Mwaka mzima umekuwa na hasira naye. Kumbukumbu ni kiporo, mwanangu. Kila ukikipasha moto, unakitia chumvi ya siku hiyo."

Ndiyo sababu jiko la filamu ile linabadilika. Nayeli akifurahi, madirisha yanapanuka; akikasirika, dari inashuka.

Filamu hiyohiyo nusura iwatenganishe yeye na Librado. Katika mswada, bibi anasahau kila kitu, mpaka mwishoni Nayeli anamwimbia wimbo wa zamani, kumbukumbu zinarudi, na bibi anamwita kwa jina. Librado alikuwa ameipiga picha sehemu ile kwa miezi: kikaragosi kinasogezwa kidogo, picha, kinasogezwa tena, picha. Alipotuonyesha, tulitoa leso karibu wote. Doña Cuca hakutoa.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?"

"Ugonjwa huu hauponi kwa wimbo. Kuna watoto watarudi nyumbani wamwimbie bibi yao. Wataimba Jumapili hii, wataimba na ijayo, na bibi hatawajua. Kisha watajilaumu, waseme hawakumpenda vya kutosha."

"Doña Cuca, hii ni katuni!"

"Ndiyo maana nasema. Watoto wanaiamini."

Librado akatoka, mlango ukalia kwa nguvu. Kwa siku kadhaa hawakusalimiana, na katika karakana ndogo kama yetu baridi hiyo hufika kila meza. Kubadilisha mwisho kulimaanisha kulikosa tamasha la filamu tulilolisubiri kwa muda mrefu. Wengi wetu tulinong'ona kwamba mama huyu anatuharibia kazi.

Jumamosi Doña Cuca akamfuata Librado nyumbani kwake na kumwambia, "Vaa viatu, twende." Mimi ndiye niliyeendesha gari, kwa hiyo nasimulia niliyoyaona. Tulikwenda Tlaquepaque, kwenye makao ya wazee ambako Doña Cuca alikuwa akijitolea. Huko alikuwapo Don Eusebio, mwoka mikate wa zamani, ambaye jambo la sasa hivi halikukaa kichwani mwake. Tukamwonyesha katuni yetu fupi ya mbwa mwizi wa soseji. Alicheka mpaka akapaliwa.

Tukatoka naye uani. Baada ya kitambo Librado akamuuliza kama ameipenda katuni.

"Katuni gani?"

Hakumkumbuka mbwa, wala soseji, wala sisi. Lakini uso ulikuwa bado unang'aa, na alikuwa ameushika mkono wa Librado, akiupigapiga kama donge la unga.

"Mbona una furaha hivyo, Don Eusebio?"

Mzee akafikiri kwa dhati. "Sijui, kijana. Labda nimeoa tena."

Librado alicheka, kisha akainamisha uso. Doña Cuca hakumwambia "si nilikwambia?" Tukiwa njiani kurudi ndipo alipoeleza kwamba tukio na hisia iliyoachwa na tukio havihifadhiwi mahali pamoja. Tukio linaweza kupotea, hisia ikabaki kwa muda mrefu, na mwenyewe asijue imetoka wapi.

Mwisho ukafanywa upya. Nayeli anaimba. Bibi hamjui. Anasogea kwenye benchi, anampisha nafasi, anasema, "Sikujui, lakini nimefurahi umekuja."

Tamasha tulilikosa. Mwaka uliofuata tuliionyesha filamu mjini Tonalá. Baada ya taa kuwaka, mama mmoja alitusubiri mlangoni na binti yake, Itzel. Mtoto huyo alikuwa amegoma kwenda kwa bibi yake. "Hanijui, nikafanye nini?" ndilo lililokuwa jibu lake kila mara. Sasa alikuwa anamvuta mama yake mkono. "Jumapili twende kwa bibi. Asiponijua basi. Atafurahi tu, hata akisahau nani kamfurahisha." Doña Cuca akasema anakwenda kutafuta maji ya kunywa. Alirudi macho mekundu, na bila maji.

Sasa anahamia Sayula, akaishi na mdogo wake, Amparo. Wawili hao wana ubishi wa tangu utotoni kuhusu nani alikuwa kipenzi cha mama yao, na kila mmoja anakumbuka waziwazi kwamba ni yeye. Hatimaye watapata wasaa wa kulimaliza jambo hilo.

Asante, Doña Cuca, kwa kila ulilotukatalia. Nenda salama, ule ushibe, ulale usingizi mnono, na maisha yako huko yawe mema kuliko tunavyojua kuyaomba.