Lebo za Sufu Tupu

Siku Bibi Mokami alipotoa wosia walikuwepo Daudi, mwanawe wa kiume; Evelina, binti yake aliyetoka Sirari; jirani Kezia, aliyekuwa akipoza uji kwa kuumimina kikombe hadi kikombe bila kuombwa; na Winfrida, mke wa Daudi, akinyonyesha. Mwenyewe, muuza mablanketi wa Nyamisangura, aliegemezwa kwenye mito miwili.

"Sikilizeni, wanangu. Nyumba hii ni ya Daudi, cherehani ni ya Evelina, na ng'ombe wawili walioko Nyanungu msiwauze mpaka mtoto wa Winfrida aanze shule. Hayo ni mepesi. Zito liko stoo: robota la mablanketi arobaini yenye lebo za 'sufu tupu', na lebo hizo nilizishona mimi, juu ya poliesta. Bwana wa viwango alituita wauzaji Bomani akatufundisha kwamba sheria inataka lebo itaje kila uzi na asilimia yake, ule mwingi utangulie, na neno 'tupu' lisiandikwe penye mchanganyiko. Niliitikia kwa kichwa, nikarudi nikashona, maana huku kwetu muoaji anaona haya kumpelekea baba mkwe blanketi lisilo la sufu, nami nilijua hakuna atakayelifumua.

"Moja la namna hiyo, nililouza kabla ya haya, lilikwenda na mahari kwa mzee Simon. Mnajua wazee wanavyoota moto. Cheche ikiangukia sufu, sufu hunuka kama nywele, cheche ikazima, basi mzee akasogea bila wasiwasi, na ilipodondoka, blanketi liliyeyuka likamganda pajani. Nilipokwenda kumjulia hali, mkwe wake aliyelinunua kwangu alikuwa amekaa pale pale. Mzee akanitazama, akasema, 'Ni uji tu, mama. Uliniunguza uji.' Alinisitiri mimi, akaisitiri na zawadi ya mkwewe, na mpaka anakufa hakuniuliza neno. Hilo ndilo linalonikaba, si ugonjwa."

Winfrida alimtazama mumewe. Daudi alikuwa ameshapata mteja wa robota zima, kwa ajili ya mahari za Disemba.

"Mama, wateja hawasomi lebo," alisema taratibu. "Wanashika tu."

"Wanashika kwa sababu wanatuamini. Na wewe tangu asubuhi tunaisoma lebo yako, shati umeligeuza ndani nje."

Evelina alicheka. Daudi akapapasa kola yake, naye akacheka kidogo.

"Kizuri chajiuza, mwanangu. Fumueni lebo zote kwa wembe. Winfrida ana mwandiko mzuri, aandike kwenye utepe: poliesta asilimia themanini, pamba ishirini. Aongeze, 'Weka mbali na moto.' Huyo mteja wako akiyataka hivyo, achukue. Asipoyataka, mpe salamu aende zake. Na moja nizikeni nalo mimi, lebo ikae juu, watu waisome."

Kezia alimpa Bibi uji, kijiko kimoja. Bibi alikaa muda mrefu kabla ya kuumeza.

"Mungu awape usingizi," alisema, na sasa ilibidi wainame kumsikia. "Awape watu wa kusema... ni uji tu. Nanyi msiwape... msiwape sababu ya kusema."

Mteja wa Daudi alikuja Jumatatu baada ya mazishi, akasoma, akaondoka. Dukani yamebaki mablanketi thelathini na tisa, yote yana mwandiko wa Winfrida.