Mtoto wa Jovan

Benchi letu sisi wahamiaji wa Turffontein limeegemea ukuta wa gereji ya Mzee Jova, fundi magari wa Kiserbia, na kila Jumamosi Mwadini wa Tanga huja hapo na birika lake la kahawa. Jumamosi moja ya mwaka 2017 gereji ilikuwa imefungwa. Mzee alikuwa amelazwa tangu juzi, kifua kimembana, na Jocelyne msusi alikuwa amempelekea supu kwa niaba ya wote. Wanaume wakabaki na kazi wanayoiweza, yaani kubishana. Kibao cha getini kimeandikwa Jovanović, ambalo kijiweni limefupishwa kuwa Jova, na hapo ndipo moto ulipowaka.

Aliyeuwasha ni Zakayo, mlinzi wa Sandton, ambaye kijiweni huitwa Kocha.

— Hilo jina la mpira. Waserbia wanaweka "vich" mwisho ili jina lijae mgongoni kwenye jezi.

— Acha zako, akasema Ruphin, fundi cherehani wa Lubumbashi waliyempa cheo cha Seneta. Ile ni daraja ya heshima. Mfalme alikuwa anabagawia batu.

— Daraja gani la nchi nzima?

— Haba na haba hujaza kibaba.

Évariste wa Bukavu aliwaacha wajichoshe kwanza. Kisha akakohoa kidogo, kama wafanyavyo wenye habari.

— Mwenyewe alinielezea miye. Jovan ni Yohana. Ile ya mwisho ni kusema mtoto wake. Jovanović, mtoto wa Yohana. Kwao bako bengi sana.

Badala ya kuwanyamazisha, akawa amewapa kuni. Kocha alitaka kujua huyo Yohana alikuwa na wake wangapi hadi akajaza nchi. Seneta akaapa kwamba ni Mbatizaji mwenyewe: aliyekatwa kichwa alikuwa mtu mwingine, yeye akatorokea Serbia akaoa, na ndiyo maana wahenga wakasema mficha uchi hazai. Mwadini alicheka hadi kahawa ikamwagika.

Évariste hakucheka. Alijiona mkubwa siku hiyo. Nani pale angeshindana naye? Aprili 2015, wageni walipokuwa wakipigwa mitaani, Mzee Jova alimficha humo gerejini yeye, mkewe Agnès na watoto, wiki nzima, akiwaletea mkate na kukaa getini na spana mkononi. Ndipo alipoelezwa maana ya jina lile.

— Yule ni mzee wangu, alisema. Mambo yake muniulize miye.

Jocelyne akarudi. Supu ilikuwa bado imejaa, na hakutaka kuketi.

— Bamenikatalia kuingia kule hospitali. Eti kuko baJovanović wawili, bote bazee. Mmoja amefariki asubuhi hii. Banauliza wetu anaitwa nani. Si jina la baba yake. La kwake.

Wote wakamgeukia Évariste. Kila asubuhi ya wiki ile ya gerejini mzee alikuwa akiwaita watoto wa Évariste mmoja mmoja kwa majina waje wanywe chai, mpaka mdogo wao Cédric aliyekuwa bado akibebwa mgongoni. Yeye baba yao aliambiwa mzee ni mtoto wa nani, akaridhika, na miaka miwili hakuuliza zaidi. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

— Sijui, alisema.

— Wewe, uliyesema tukuulize? Kocha akauliza.

— Hata miye sijui.

Hakuna aliyemcheka, kwa kuwa hakuna aliyejua. Mwadini akamwaga kahawa iliyobaki mtaroni, akasema sura ya mzee wanaijua, basi waende wakaitazame.

Wakaenda wote. Mlangoni mwa hospitali askari akawauliza swali la kawaida tu, kama wanakwenda wodini au mochwari, ili awaonyeshe njia. Évariste ndiye aliyejibu wodini, kwa sauti ya mtu anayeomba.