Maisha ya Clément Mumba na Namba 1 022 117

Ndugu, jamaa na marafiki mliokuja kutusindikiza, familia imenipa mimi, Rigobert, mdogo wake wa tumbo moja, kazi ya kuwasomea maisha ya yaya yetu, kaka yetu mkubwa, Clément Mumba, nami nitayasoma yote, hata pale yanaponiaibisha.

Yaya Clément alizaliwa Pweto tarehe 3 Machi 1909, akasoma kwa mapadri kutoka 1917 mpaka 1924, akawashinda wenzake wote kwa hesabu, akaja Élisabethville mwaka 1926 na kuandikwa karani wa mizigo kwenye reli, kazi aliyoifanya miaka ishirini na saba bila kupoteza hata kifurushi kimoja. Tarehe 9 Juni 1934 alifunga ndoa na mama Albertine, hapa cité Albert, Mungu akawapa watoto wanne, na mkubwa wao ni Delphine.

Mwaka 1950 alimnunulia mama Albertine cherehani, na ubavuni mwake ilikuwa imegongwa namba 1 022 117. Mtu mwingine asingeitazama mara mbili, lakini yeye alitamani iwe nombre premier, namba isiyokubali kugawanywa ila na moja na yenyewe, kama ndoa yake, alisema, nasi tukamcheka. Alijua inatosha kujaribu kuigawanya kwa zile nombres premiers 169 za mwanzo, akafanya 154 peke yake nyuma ya karatasi za mizigo, akanipa mimi kumi na tano za mwisho, kutoka 907 mpaka 1009.

Nilifanya kumi na nne. Ilikuwa Jumapili, mpira ulikuwa unaanza, zote zilikuwa zimekataa, nikaona ya mwisho nayo itakataa tu, nikaandika kando ya 1009 kwamba inabaki 4, nne niliyoitunga kichwani, nikavaa viatu nikatoka.

Yaya akawatangazia watu wote wa parokia kwamba namba ya mke wake haigawanyiki. Désiré, rafiki yake na karani mwenzake, akamwambia kwamba 1009 inaigawanya, yaya akakataa kurudia hesabu ile, kwa sababu kuirudia kungekuwa kuniita mimi mwongo, wakagombana, hawakusalimiana tena miaka mitatu, nao wanakaa meza moja. Mimi niliyaona yote hayo, nikanyamaza.

Novemba 1953 alishikwa na kifua, akalazwa, na siku moja akaniuliza, "Mudogo, ulifikaka mpaka ku mwisho?", nikamjibu, "Ndiyo, yaya", akatulia. Alifariki Jumanne tarehe 11 Mei 1954, saa tatu asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na masista wa hospitali, majirani waliopika tangu juzi, na makarani wa mizigo waliobeba sanduku, na kati yao Désiré, aliyelibeba upande wa kichwa. Désiré, ulisema kweli. Jana nimeigawanya mwenyewe, imeingia mara 1013, hakuna kilichobaki, na aliyewatenganisha ni mimi.

Pumzika kwa amani, yaya, ungekufa na rafiki yako kando ya kitanda kama ningekujibu hapana.