Msumari Mtupu wa Fundi Jirani

Wenzangu wa chama, mafundi, wauza chai na wenye vibanda, hamjambo. Na wale wa asalaam aleikum, aleikum. Mwenyekiti ameniomba niseme juu ya kujipangia kazi wakati wa sikukuu, maana kila anayejiajiri hapa Garissa analia kwamba sikukuu zinamla. Nimekubali, ila nawaonya: ushuhuda wangu ni wa wivu. Aliyeniokoa ni mtu niliyekuwa nikimwonea kijicho mpaka chakula kinanishinda.

Miaka ile ya vita vya shifta nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza la duka moja hapa mjini. Mke na watoto walikuwa nyumbani Kitui. Kwenye nguzo ya pili ya baraza hilo alikaa fundi mwingine, Msomali, mkubwa kwangu kidogo, aliyeniita walaal, yaani ndugu. Jina lake sitalitaja, maana hata mwenyewe hakupenda kutajwa.

Kabla ya vita, sikukuu ikikaribia, fundi alishona usiku kwa taa ya karabai. Vita vikaleta kafyu. Jua likizama uko ndani, na taa umezima. Lakini mimi, ndugu zangu, nilipokea vitambaa kana kwamba usiku bado ni wangu. Sare za gwaride la Jamhuri? Lete. Magauni ya Krismasi ya wake za maofisa? Lete. Kanzu za Idd? Lete! Krismasi ya kwanza ikanikuta kwenye cherehani. Ya pili vilevile. Mke wangu akanitumia neno kwa dereva wa lori: "Ya tatu usipokuja, nitawaambia watoto baba yao ni cherehani." Wewe unayecheka hapo nyuma, mimi sikucheka.

Sasa mtazame jirani yangu. Kila sikukuu, iwe yao, yetu au ya serikali, alikuwa amefunika mashine mapema. Siku ya Idd anapita mbele yangu ananukia udi, amemshika mkono binti yake mdogo mwenye gauni jipya, na ananisalimu kwa upole. Upole ule ndio ulionichoma zaidi. Mikono miwili anayo yeye, miwili ninayo mimi, na kafyu ni ileile. Nikajiuliza, huyu ana dawa gani?

Dawa yake ilikuwa misumari. Aliipigilia kwa mstari kwenye nguzo yake, kila msumari siku moja ya kazi mpaka sikukuu. Kitambaa kikija, anakitundika kwenye siku yake. Ila misumari ya mwisho, ile ya karibu na sikukuu, aliiacha mitupu.

"Si nafasi iko hapa?" wateja walimwambia.

"Hiyo hapana yangu," alijibu. "Enda kwa fundi mwingine."

Fundi mwingine ni nani? Mimi hapa! Niliwaita hata kabla hawajageuka. Nawaambia kweli, kila kitambaa alichokikataa nilikipokea kama nimempokonya, na rundo langu likapanda mpaka kifuani. Sikuwa na haja ya kazi yote ile. Nilitaka tu nimpite.

Mwaka wa tatu sikukuu ziligongana. Jamhuri ilipita, Ramadhani ikaingia, na Krismasi ikaangukia katikati ya mfungo. Malori ya bara yalikwenda kwa msafara, askari mbele na nyuma, na ukikosa ule wa kabla ya Krismasi, ndiyo basi. Nilikuwa nimejaza kazi kila saa ya mchana mpaka asubuhi ya kuondoka. Halafu ukaja msako, askari wakitafuta waasi wa shifta.

Wa rika langu mnaukumbuka. Mji ulifungwa, wanaume tukakalishwa uwanjani juani. Sisi wa bara tuliachiliwa upesi, lakini tukakatazwa kufungua kazi. Yeye na Wasomali wenzake walibaki pale mchana kutwa, na kesho yake tena, wamefunga, bila kivuli. Hapo tu ndipo sikumwonea wivu.

Tulipofunguliwa, msafara ulikuwa wa asubuhi inayofuata. Nilikaa mbele ya rundo langu nikalia. Nikiondoka, walimu na makarani watakosa nguo, na nani ataniletea kazi tena? Nikibaki, nyumba yangu imevunjika. Jirani akaja, midomo imemkauka, akabeba vitambaa vyangu na kuanza kuvitundika kwenye misumari yake mitupu.

"Mzee, si uliwanyima watu nafasi hiyo?"

"Walaal, hii nafasi ya balaa. Balaa nakuja siku yoyote, hapana uliza wewe. Sasa imekuja. Enda ona watoto."

Nilipanda lori. Krismasi nikaila nyumbani. Na wivu uliisha? Wapi! Njia nzima nilisaga meno: hata kwa wema amenishinda.

Niliporudi, wateja wangu wote walikuwa wamepata nguo zao. Ramadhani ilikuwa ukingoni, naye alikuwa akihangaika na kanzu za watu. Kwenye nguzo kulikuwa na kitambaa kimoja chekundu, hakijaguswa.

"Hiki cha nani?" nilimuuliza.

"Ya binti yangu. Siku yake ilipita. Haidhuru, atavaa ya mwaka jana."

Siku yake ilipita kwa sababu yangu: misumari mitupu, ambayo ingemfidia zile siku mbili za uwanjani, ilijaa kazi zangu. Nilikishusha kitambaa bila kumwomba ruhusa. Vipimo vya mtoto sikuuliza, maana kwa miaka ile yote ya kumtazama kwa kijicho nilikuwa nimevijua. Nilimaliza kabla ya jua kuzama, na jioni hiyohiyo mwezi ukaandama.

Asubuhi ya Idd binti alitoka mbio na gauni lake jekundu. Akanipita kama nguzo, akamrukia baba yake. Ndugu zangu, sijawahi kumwonea mtu wivu kama asubuhi ile. Lakini safari hii nilijua ninachokitaka, nikaenda dukani kununua misumari.

Namshukuru mzee yule, na mke wangu kwa onyo lake. Nanyi mnaojiajiri, kabla ya kupokea kazi ya sikukuu, tengeni kwanza siku ambayo si ya mteja wala si yenu. Mtu akiionyesha kidole, mwambieni imeshachukuliwa.

Krismasi iliyofuata nilifika nyumbani mapema. Binti yangu alinikimbilia tangu kwenye mkuyu wa njiani, akaniangusha na mzigo wangu. Nilitamani jirani yangu angekuwepo pale, aone, na yeye aone wivu kidogo.