Elkanah Nyakundi na Punda Asiyesema

Ndugu yetu Elkanah Nyakundi, tunayemlaza leo hapa Uriri, alizaliwa tarehe 14 Machi 1931, kitinda mimba wa mzee Bichage na mama Orpah, Waadventista waliohamia huku kutoka Kisii kutafuta shamba, akasoma hapa hapa hadi mwaka 1946, akatoka shuleni na Kiswahili, Kikisii, Kijaluo na mdomo usiojua kupumzika.

Tarehe 11 Desemba 1955 alifunga ndoa na Jedidah Awino, wakajaliwa Phelesia na James. Mwaka 1961 aliajiriwa kuwa mkalimani wa gari la sinema, pamoja na Dishon, dereva na mwendesha mashine, mtu mpole mwenye kigugumizi, rafiki aliyekula naye sahani moja. Walizunguka wakiwaonya watu kwa filamu juu ya mbung'o waletao malale, na mwishoni, kama kiburudisho, walionyesha filamu ya michoro isiyo na neno hata moja, ya punda na kunguru waliopendana mpaka kunguru akaruka, akamwacha punda peke yake mtoni. Elkanah aliona haya kulipwa kwa kunyamaza, basi akawatungia wanyama maneno.

Hatutaficha kosa lake. Tarehe 6 Novemba 1966, sokoni Uriri, alimpa punda kigugumizi cha Dishon, watu wakacheka wakishika mbavu, na Dishon, mkono ukiwa juu ya mashine, akasikia yote. Miezi tisa walikaa bega kwa bega garini bila salamu, Elkanah akaomba radhi walipofika Ogwedhi, akaomba tena huko Homa Bay, akajibiwa na injini tu, akakonda kwa upweke, hata Jedidah akamwambia kwamba kidonda alichokitia kwa ulimi hatakiponya kwa ulimi.

Tarehe 15 Agosti 1967, huko Lambwe, punda alipotokea kwenye kitambaa cha sinema, Elkanah, akiwa na homa, aliweka kipaza sauti chini. Watu walipiga kelele wakitaka maneno, chifu akatishia kumshtaki kwa wakubwa wake, naye akakaza meno, jasho likimtoka, mpaka kelele zikaisha na mama mmoja wa mbele akaanza kumlilia punda. Dishon aliiacha mashine, akaja kuketi kando yake, akasema, "Hu... huyu punda, ndugu yangu, a... alikuwa anaongea siku zote."

Homa ile ilikuwa malale, ya mbung'o wale wale aliowaonya watu juu yao. Alilazwa Homa Bay tarehe 2 Oktoba, Desemba akapoteza kauli, na Dishon akaja kila siku kukaa naye, wote wawili kimya, mpaka Jumamosi tarehe 3 Februari 1968 alipotuacha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliotulisha siku hizi zote, na wafanyakazi wenzake waliomleta nyumbani kwa gari lile lile. Baada yangu atasimama Dishon. Atachukua muda, na tunawasihi, mtu yeyote asimmalizie neno.

Elkanah, sasa wewe sikiliza tu, upumzike kwa amani.