Njia ya Nyuma ya Ghala

Redio: Haloo? Nani huyo anayenipunguzia spidi?

Dada: Ni mimi. Uko wapi?

Redio: Dada'ngu! Shikamoo.

Dada: Marahaba. Nakuuliza, uko wapi na huo mtungi?

Redio: Usihofu. Katika mji huu haijazaliwa foleni ya kunikamata mimi. Wewe fungua geti tu.

Dada: Mtungi huu wa zamani, mshale umeingia kwenye nyekundu. Mama anavuta hewa kwa mabega.

Redio: Mwambie kitinda mimba wake anamletea oksijeni mpya, imefungwa mkanda kama bibi harusi—

Dada: Madereva hawakukosea kukuita Redio. Huzimiki! Umepita barabara ya kulipia, kama tulivyokubaliana?

Redio: Ee... ndiyo. Nyeupe, haina gari. Napaa.

Dada: Na hizo honi?

Redio: Wananishangilia.

Dada: Nasikia mtu anauza maji ya kunywa. Barabara ya kulipia ina wachuuzi siku hizi?

Redio: Mtandao huo, dada, unachanganya laini za wa—

Dada: Mdogo wangu.

Redio: Nimekusikia.

Dada: Uko wapi?

Redio: Nyuma ya ghala. Usipige kelele! Nilifika kwenye lango la kulipia nikakuta wamepandisha bei. Saa za msongamano wanapandisha makusudi, watu wapungue. Nikasema, ya nini? Asubuhi hapa hapakuwa na hata paka.

Dada: Na sasa?

Redio: Sasa... pamejaa. Mbele malori, nyuma mabasi, hata kugeuza haiwezekani. Sijui watu wote hawa wameijuaje njia hii. Kuna mshenzi amewaambia.

Dada: (mtandao unakwaruza) ...mshale umelala, unasikia? Umelala kabisa!

Redio: Ngoja, kuna mtu anagonga kioo. Alaa! Shemeji? Umetokea wapi?

Dada: Mume wangu yuko huko? Mpe simu!

Redio: Hana nafasi, anafungua mlango wa—

Dada: Mpe!

Shemeji: Mke wangu, nilikuwa nakimbilia nyumbani. Gari langu liko nyuma ya lake, limekwama vilevile. Nimekuja kuuchukua mtungi, niubebe begani.

Dada: Na wewe nani alikutuma upite huko?

Shemeji: Yeye. Kila dereva humu ana ujumbe wake wa sauti. Sikiliza.

(Ujumbe: "Madereva wangu, Redio hapa! Kulipia ni kwa wajinga! Piteni nyuma ya ghala, nyeupe pe! Mtanishukuru baadaye!")

Dada: Ulete huo mtungi, upesi!

Shemeji: Nakuja kwa miguu. Shika simu yako, wewe.

Redio: Dada, nilijua watakuja wawili watatu. Wengine wangebaki kule. Kila mtu kajiona mjanja peke ya—

Dada: Amekwenda?

Redio: Anakimbia. Anapenya katikati ya malori. Ana nguvu huyo, atafika.

Dada: Mwambie asikimbie.

Redio: Kwa nini?

Dada: Mabega ya Mama yametulia.

Redio: Si ndiyo vizuri? Amepata usingizi... Dada? Amelala, si ndiyo?

Dada: Mwite. Mwambie atembee tu.

Redio: Dada! Haloo? Haloo?